Faiba Mlangoni, Udhaifu Ndani

Tangu mkongo wa baharini wa SEACOM ulipowasili Mombasa na Dar es Salaam mwaka 2009, lawama za intaneti dhaifu hutupiwa mno makampuni, ilhali aghalabu faiba hufika mlangoni salama, ikaja kudhoofishwa na nyumba yenyewe. Katika Mji wa Kale, Mombasa, ambako kuta za mawe ya matumbawe ni nene kiasi cha kuyazuia mawimbi ya Wi-Fi, hapana budi kupitisha waya hadi vyumbani. Na fundi aungaye nyuzi nne tu kati ya nane za waya huo, kwa uvivu (sisemi ujahili), humfanya mteja aliyelipia megabiti 500 kwa sekunde asipate zaidi ya 100. Basi ajengaye leo na atie mabomba ya waya ukutani kabla ya kupiga lipu, na mpangaji ayaulizie kabla ya kutia saini mkataba.