Tusimwambie Avumilie



Binti anapoaga kwenda kufanya kazi za ndani Uarabuni, twampa mawaidha mengi: vaa kwa heshima, usitoke usiku, usizoeane na wanaume. Mawaidha hayo yadhani kwamba hatari iko barabarani. Je, mdhalimu akiwa ndiye mwenye nyumba, mwenye ufunguo wa mlango na mwenye kuishika pasipoti yake, akimbilie wapi?

Chini ya utaratibu wa kafala, ukaazi wake hufungamanishwa na mwajiri. Akitoroka, aweza kuhesabiwa mkosaji. Katika baadhi ya nchi hizo, akisema amebakwa na asiaminiwe, aweza kushitakiwa yeye kwa zinaa. Basi aliyemwambia "jihadhari" na kuishia hapo hakumlinda. Amejiwekea udhuru wa kumlaumu baadaye.

Mlinzi wa kweli husoma mkataba kabla haujatiwa saini. Hubaki na nakala ya pasipoti na namba ya ubalozi. Hupatana na binti neno la siri la kuomba msaada. Humfahamisha kwamba, akidhulumiwa, atafute tiba upesi, maana dawa za kuzuia VVU huanzwa ndani ya saa 72.

Lakini sisi twapokea fedha zake kila mwezi, na akilia kwenye simu twamjibu: "Mvumilivu hula mbivu." Methali hiyo haikutungwa kwa ajili ya ubakaji! Aliyebaka ndiye mwenye hatia. Binti akirudi, tumfungulie mlango kwanza, maswali yasubiri.

Tafakari njema.