Kiwanda Hapa, Ufunguo Ugenini

Wapo wenye viwanda vidogo ambao bado wanadhani kwamba ughali wa chombo ndio ubora wake. Mtu ana kiwanda cha kukamua alizeti kule Singida, chenye mota tatu na pampu moja. Akitaka kufunga kidhibiti chake cha kwanza cha kuendeshea mitambo kwa programu, hamwulizi fundi wake wa umeme. Humwuliza muuzaji, na muuzaji, kama ilivyo ada, humpa kile kilichomlalia ghalani.

Hesabu yenyewe haina uganga. Vihesabiwe vitufe, swichi na vihisi vinavyoleta habari. Zihesabiwe kontakta, vali na taa zinazopokea amri. Kisha iachwe nafasi kidogo ya upanuzi. Vipo vidhibiti vidogo vyenye njia 8 za kupokea na 4 za kutoa, na vingi huongezewa vipande kazi inapokua. Ya nini basi kununua dubwana lililokusudiwa kiwanda cha saruji?

Hata hivyo ukubwa ni hasara ndogo. Balaa limo katika programu. Kuna wakandarasi wanaofunga mtambo, wakaitia programu neno la siri, kisha wakaondoka nalo. Siku mashine inapogoma katikati ya msimu, mwenye mali husimama mbele ya sanduku lake mwenyewe kama mgeni. Huo ni unyonyaji, hata ukipambwa kwa risiti.

Watazuka wa kudai kwamba mafundi wa hapa hawaviwezi vyombo hivyo. Hiyo ni kasumba tupu. Kidhibiti cha namna hii kilipobuniwa Marekani mwaka 1968 na 1969, kwa haja ya kampuni ya General Motors, kilipewa lugha ya michoro ya ngazi kusudi fundi aliyezoea rilei aielewe. Tangu mwaka 1993 lugha hizo zina kanuni ya kimataifa, IEC 61131-3. Fundi awezaye kusoma mchoro wa kuwashia mota amekwisha kuvuka nusu ya njia.

Hapana budi mkataba utaje kwamba programu pamoja na maelezo yake, leseni ya chombo cha kuiandikia, na neno la siri, vyote vikabidhiwe kabla ya malipo ya mwisho. Kitufe cha dharura nacho kisitegemee programu hiyo. Kikate umeme wa kontakta moja kwa moja, kwani hapo ni mkono wa mfanyakazi unaochezewa. Muuzaji atakayekataa kutia sahihi abaki na bidhaa yake.