Mali Bila Daftari: Maktaba Nazo Zitoe Hesabu

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Neno hili lajulikana na mwenye duka dogo la pembeni, na lajulikana pia na chama cha ushirika cha wakulima. Mwenye duka akiona kwamba sukari yamwishia kila Ijumaa, na viberiti vyalala rafuni mwaka mzima, hangoji kuambiwa. Huongeza sukari na kupunguza viberiti. Lakini iko mali moja ya umma ambayo aghalabu twaiacha bila daftari la namna hiyo, nayo ni maktaba.

Hatusemi kwamba maktaba hazina madaftari. Yapo, tena mengi. Lipo la vitabu vilivyonunuliwa, lipo la vilivyopotea, na lipo la waliochelewa kurudisha. Linalokosekana ni daftari la haja ya msomaji: watu wa kazi gani waliingia, walitafuta nini, walikipata au walirudi mikono mitupu, na ni akina nani ambao hawajapata kuvuka kizingiti hicho hata mara moja.

Mwandishi wa makala haya alisoma katika shule ya misheni iliyokuwa na kabati zuri la vioo lililojaa vitabu. Ufunguo alikaa nao mwalimu mmoja. Kila mwisho wa muhula vitabu vilipanguswa vumbi, vikahesabiwa, na hesabu ikawa sawasawa, hata mkaguzi akafurahi. Hakuna aliyeuliza ni wanafunzi wangapi waliovisoma. Hesabu ile ilikuwa ya kweli, walakini haikumwambia mtu yeyote jambo la maana, kwa kuwa vitabu vilihesabiwa na wasomaji hawakuhesabiwa.

Tangu hapo dunia imesonga mbele katika jambo hili, na yatupasa kulijua. Waganga ndio waliotangulia. Mwaka 1972 daktari mmoja Mskoti, Archie Cochrane, alitoa kitabu akitaka kila tiba ipimwe kwa majaribio ya haki, wala isiendelee kutolewa kwa sababu tu wakubwa wa kazi wameizoea. Mwaka 1991 Gordon Guyatt wa Kanada aliupa mwendo huo jina la utabibu wenye kutegemea ushahidi. Wakutubi wa hospitali, ambao ndio waliokuwa wakiwatafutia madaktari ushahidi wenyewe, hawakukosa kujiuliza: je, na sisi twafanya kazi yetu kwa ushahidi, au kwa mazoea? Mwaka 1997 mkutubi Jonathan Eldredge wa New Mexico, Marekani, aliandika kuitaka kazi ya maktaba nayo ifuate njia hiyo. Mwaka 2001 mkutano wa kwanza wa jambo hili ulifanyika Sheffield, Uingereza. Na mwaka 2006 Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, kilianza kutoa jarida lake.

Njia yenyewe haina uchawi. Kwanza, uliza swali lililo wazi. Pili, tafuta kilichokwisha kujulikana juu ya swali hilo. Tatu, upime ushahidi ulioupata, kama ni imara au ni dhaifu. Nne, utumie mahali pako, kwa watu wako. Tano, rudi uangalie kama mambo yamekuwa bora au la. Mkulima mwerevu hufanya hivyo kwa mbegu mpya. Hupanda mstari mmoja kwanza kabla ya kulitia shamba zima. Basi na mkutubi afanye vivyo hivyo.

Lakini ushahidi si rafiki wa mtu. Siku moja hukutetea, na siku ya pili hukushitaki. Tutoe mifano miwili, yote ya Marekani, kwa kuwa huko ndiko mambo haya yalikopimwa kwa muda mrefu na matokeo yake yakachapishwa kwa wote.

Mfano wa kwanza watoka Chuo Kikuu cha Pittsburgh. Hapo Allen Kent na wenzake walifuatilia vitabu 36,892 ambavyo maktaba ilivinunua mwaka 1969. Walipofika mwisho wa mwaka 1975 waliona kwamba vitabu 14,697, yaani karibu vinne katika kila kumi, havijaazimwa hata mara moja. Waliona tena kwamba kitabu kisichoazimwa katika miaka miwili ya kwanza kilibakiwa na bahati moja katika nne ya kuazimwa siku yoyote ya baadaye; na kikipita miaka sita bila kuguswa, bahati yake ilishuka hadi moja katika hamsini.

Ripoti hiyo ilipotolewa mwaka 1979 ilizua kelele kubwa, hata miongoni mwa walimu wa chuo hicho hicho. Walisema kwamba kuna mtu asomaye kitabu palepale mezani na kukirudisha rafuni pasipo kuandikwa popote. Walisema tena kwamba kitabu cha elimu chaweza kungoja miaka ishirini mpaka apatikane mtu mmoja wa kukihitaji, na mtu huyo akagundua jambo kubwa. Watafiti walikuwa wamejaribu kupima usomaji wa mezani kwa siku chache za mfano, lakini wapinzani wao hawakuridhika. Sisi twasema kwamba hoja za wapinzani zilikuwa na uzito. Hata hivyo, hakuna aliyeweza kurudi kulala usingizi wa jana. Kabla ya hesabu ile mtu aliweza kudhani kwamba kila kitabu kinunuliwacho chasomwa. Baada yake haikuwezekana tena.

Mfano wa pili ni wa hospitali za Rochester, katika jimbo la New York. Mwaka 1986 serikali ya Marekani iliondoa sharti lililotaka hospitali zinazolipwa kwa bima yake ya afya ziwe na maktaba. Wakutubi waliona hatari mbele yao, maana hospitali itafutapo pa kupunguza gharama hutazama kwanza chumba kisicho na wagonjwa. Utafiti ulioongozwa na Joanne Marshall ulifanywa katika hospitali 15. Madaktari waliombwa wapeleke maktabani swali juu ya mgonjwa waliyekuwa naye, kisha waseme kama jibu walilopewa liliwasaidia. Matokeo yalitolewa mwaka 1992. Wanane katika kila kumi walisema kwamba kwa yakini, au yumkini, walibadili jambo fulani katika kumtibu mgonjwa kwa sababu ya habari waliyoletewa na mkutubi.

Hii ni habari njema, na wakutubi waliipokea kwa furaha. Lakini mwenye haki aisome mpaka mwisho. Madaktari walioombwa walikuwa 448, na waliojibu walikuwa 208, yaani chini ya nusu. Yawezekana kwamba waipendao maktaba ndio waliokuwa wepesi wa kujibu. Fauka ya hayo, neno la daktari kwamba amebadili tiba si sawa na kumwona mgonjwa amepona.

Hapa ndipo penye kiini cha maneno yetu. Mkutubi atakayeifumba macho hesabu ya Pittsburgh kwa kuwa yamwaibisha, kisha akaishika ya Rochester na kuipeperusha kama bendera kwa kuwa yamsifu, huyo hatafuti ushahidi, atafuta wakili. Katika miaka ya 1950 wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa waliikataa mizani ya udanganyifu, wakataka pamba yao ipimwe na mtu wasiyemshuku. Na katika mapambano hayo ndimo ushirika wao ulimokulia. Mkulima yule hakudai mizani impendeleayo. Alidai mizani ya kweli. Nasi twadai hiyo hiyo maktabani.

Madhali tumefika nyumbani, tutazame mambo ya hapa. Sheria ya kuanzisha huduma za maktaba Tanganyika ilipitishwa mwaka 1963, na tarehe 9 Desemba 1967 Mwalimu Nyerere aliifungua Maktaba Kuu ya Taifa mjini Dar es Salaam. Mwaka huo wa 1967 watu wazima wasiojua kusoma walikuwa kama wawili katika kila watatu. Taifa lilijitupa katika kazi ya elimu ya watu wazima, na mwaka 1974 gazeti la vijijini, Elimu Haina Mwisho, lilianza kutolewa ili waliojifunza kusoma wasikose cha kusoma. Kufika mwaka 1986 hesabu za serikali zilionyesha kwamba wasiojua kusoma wamebaki chini ya mmoja katika kumi. Lakini baadaye idadi yao ilipanda tena. Basi ni dhahiri kwamba kusoma si chanjo ichanjwayo mara moja. Ni kama jembe: likikaa bila kulimiwa hushika kutu.

Kwa hiyo maktaba isiyosomwa si hasara ya fedha tu. Ni hasara ya jasho la mwalimu aliyefundisha chini ya mwembe, na la mama mzee aliyejifunza kuandika jina lake kwa mkono uliozoea mpini.

Iko maktaba moja tuijuayo, ambayo hatutaitaja, ifunguliwayo asubuhi wafanyakazi wakiwa wamekwisha ingia kazini, na kufungwa saa 10 alasiri, kabla hawajatoka. Tulipomwuliza mwangalizi wake kwa nini haoni wafanyakazi humo, alijibu pasipo kusita: "Ndugu Mhariri, wafanyakazi wetu hawapendi kusoma." Je, ni kweli? Yawezekana. Lakini ushahidi u wapi? Mtu aliyefungiwa mlango hawezi kushitakiwa kwamba amekataa kuingia. Basi mlango na ufunguliwe jioni mbili kwa juma, mpaka saa 2 usiku, kwa miezi mitatu, na waingiao wahesabiwe. Wakija, tumejifunza. Wasipokuja, tumejifunza vilevile, na tutatafuta sababu nyingine: pengine vitabu vimeandikwa kwa lugha wasiyoijua, pengine taa ni hafifu, pengine ni mbali na kituo cha basi. Lakini tusiwahukumu watu kwa dhana.

Wako watakaosema kwamba kuhesabu ni gharama, na maktaba zetu hazina fedha. Twawajibu kwamba asiye na fedha ndiye hasa mwenye haja ya kuhesabu, maana hana ya kupoteza. Hatuombi mitambo. Karatasi iliyopigwa mistari na kalamu ya risasi vyatosha. Kwa juma moja katika kila miezi mitatu, mkutubi na aandike kila swali aulizwalo, na aweke alama palipokosekana jibu. Vitabu vilivyosomwa mezani viachwe palepale mezani hadi jioni ili navyo vihesabiwe. Hivyo lile lalamiko la walimu wa Pittsburgh litapungua nguvu. Kisha siku moja atoke nje, aende sokoni na gereji, awaulize wasiokuja kwa nini hawaji. Wanaokuja hawawezi kumweleza hilo.

Pamoja na hayo twatoa maonyo matatu. La kwanza, daftari hili ni la haja, si la upelelezi. Iandikwe idadi na aina ya swali. Yasiandikwe majina ya watu na vitabu walivyosoma. Msomaji akiogopa kwamba atafuatwa kwa alichokisoma, hatarudi.

La pili, wingi si haki. Kitabu cha nukta nundu chaweza kuwa na msomaji mmoja tu asiyeona katika mji mzima. Lakini huyo mmoja hana pengine pa kwenda. Hesabu ni shahidi, si hakimu. Hakimu ni sisi wenyewe, mradi tuhukumu tukiwa tumekwisha msikiliza shahidi.

La tatu, nalo ndilo zito kuliko yote, lawahusu wenye mafungu ya fedha. Mkutubi akileta taarifa ya kweli kwamba vitabu nusu havisomwi, kisha akaadhibiwa kwa kukatiwa fungu, mwaka wa pili hataleta taarifa ya kweli, na jirani zake hawataleta kabisa. Mficha maradhi, kifo humwumbua. Lakini atafichua nani, ikiwa kila anayefichua hupigwa? Halmashauri ziwaulize wakutubi maswali mawili: mwaka huu mmegundua kosa gani katika kazi yenu, na mmelirekebishaje? Asiye na jibu la swali la kwanza ndiye wa kutiliwa shaka, maana hakuna kazi ya binadamu isiyo na kosa.

Nanyi ndugu wafanyakazi, msikae kando. Maktaba ni yenu, nayo yalipiwa kwa kodi zenu. Ingieni mkaulize, na mkikosa mlichotafuta msiondoke kimya, ombeni kiandikwe. Swali lililokosa jibu, likiandikwa, ni ushahidi. Lisipoandikwa, mwakani mtaambiwa tena kwamba hampendi kusoma.