Akiba ya siri si usaliti

Mwanamke anayepigwa huulizwa kwa nini haondoki, na mara nyingi jibu limo kwenye simu yake: laini imesajiliwa kwa jina la mume, namba ya siri ya M-Pesa mume anaijua, na ujumbe wa kila muamala husomwa na mume kwanza. Nauli na kodi ya chumba, ambayo wenye nyumba wengi hudai ya miezi kadhaa kwa mkupuo, vitatoka wapi? Ndiyo maana nasema aanze na fedha kabla ya begi: laini yake mwenyewe, akiba kwa ndugu anayemwamini kweli, na nakala za cheti cha ndoa, vyeti vya watoto na hati ya kiwanja zihifadhiwe nje ya nyumba ile.

Wapo watakaosema kumficha mume fedha ni kuvunja ndoa. Uwazi ni deni la wawili, na Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971 haimpi yeyote haki ya kumchapa mwenzi wake. Aliyevunja ni aliyeinua mkono. Wengine husema asiyeajiriwa hana chake. Mahakama ya Rufani ililijibu hilo mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed: kazi za nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa. Lakini kesi huchukua muda, na watoto wanakula leo. Kwa hiyo nawaomba viongozi wa vikoba: mwanachama akitaka hisa zake kabla ya mgao wa mwisho wa mwaka, mpeni, na msimpigie mumewe simu.