Mwembe na Maharagi

Huko Lusangi, upande wa Kasongo na Kabambare, watu hupenda kukaa chini ya mwembe. Jua likiwa kali, wazee huleta viti vyao hapo, mama huja na kikapu cha mihogo ya kumenya, na watoto hucheza karibu. Hakuna anayeuliza ni nani aliyeupanda mti ule. Lakini mwezi wa tatu ukifika, na watu wakitafuta mahali pa kupanda maharagi karibu na nyumba, hapo shauri huanza. Mmoja husema: «Mwembe huu unatunyima shamba. Ukatwe.» Mwingine husema: «Uache mti. Panda maharagi papo hapo chini yake, maana udongo ni mweusi, umejaa majani yaliyooza.» Wote wawili wamekosa, na kosa lao ni moja: hawakutazama kila mmea unataka nini.

Tazameni kwanza haragi. Ni mmea wenye haraka. Ukiliweka katika udongo wenye maji kidogo, kabla ya siku kumi limekwisha kuinua kichwa. Vipande viwili vinene vya mbegu hutoka juu pamoja na shina: hicho ndicho chakula cha njiani ambacho mmea mchanga hula mpaka majani yake yafunguke. Baada ya siku arobaini hivi maua hutoka. Maharagi mafupi, yasiyopanda juu ya miti, huwa tayari kuvunwa baada ya miezi mitatu hivi. Yale yanayopanda juu hukawia zaidi. Basi maisha yote ya mmea huu, kuzaliwa, kukua, kuzaa na kufa, huingia katika muda mfupi kuliko mwaka wa shule.

Kwa sababu ya haraka hiyo, haragi halina saburi. Mizizi yake mingi hukaa juu juu, haishuki chini sana. Mvua ikikosekana wakati wa maua, maua huanguka. Mvua ikizidi na maji yakituama, mizizi huoza. Joto likizidi, maua huanguka vilevile, na ndiyo maana maharagi hufurahi zaidi katika milima ya Kivu, kwenye baridi kidogo, kuliko katika nchi za joto. Magugu yakiachwa wiki chache tu, hulishinda. Na juu ya yote, haragi linataka jua. Majani yake hutumia mwanga wa jua kutengeneza chakula cha mmea. Bila mwanga, hata udongo uwe mweusi namna gani, chakula hakitengenezwi.

Anayesitasita ajaribu mwenyewe. Achukue mikebe miwili, aitoboe chini, atie udongo uleule, apande haragi moja moja. Mkebe mmoja aweke mahali pa wazi, wa pili chini ya mwembe. Amwagie yote miwili maji sawasawa. Baada ya wiki tatu ataona mche wa kivulini umekuwa mrefu, mwembamba, wenye rangi hafifu, umejipinda kuelekea upande wenye mwanga kama mtu anayechungulia mlangoni. Urefu ule si nguvu, ni njaa. Mtu akiutazama haraka anaweza kuusifu kwa sababu umempita mwenziwe. Angoje siku ya kuhesabu maganda.

Sasa mwembe. Huo nao huanza kwa kokwa, lakini kokwa lake lina masharti mengine. Haragi lililokauka vizuri huweza kuwekwa katika chungu mpaka majira mengine. Kokwa la embe likikaushwa hivyo hufa. Sharti lipandwe likingali bichi, siku chache baada ya embe kuliwa. Huchukua wiki mbili, tatu, hata nne kabla ya kuota. Kisha mti huonekana kama umelala. Mwaka wa kwanza ni kijiti tu. Mtoto aliyeupanda huja asubuhi, hutazama, huona hakuna jipya, huenda zake. Lakini mti haukulala. Unapeleka mzizi wake mkuu chini, kutafuta maji ambayo mizizi ya haragi haitayaonja kamwe.

Mwembe mchanga hautaki mambo mengi. Unataka kivuli kidogo unapohamishwa, ua wa miti kuuzunguka ili mbuzi wasiutafune, maji katika kiangazi cha kwanza na cha pili, na mtu wa kuzuia moto wakati nyasi zinapochomwa. Basi. Ukipita hapo, huweza kujilinda. Kiangazi kinachoua maharagi huwa rafiki yake: mwembe huhitaji siku za ukavu ili utoe maua vizuri, na mvua ikinyesha sana juu ya maua yake huyaharibu. Mwembe uliopandwa kwa kokwa hukawia miaka mitano, sita, hata zaidi, kabla ya kuzaa. Lakini baada ya hapo huzaa miaka mingi, na mwingine huishi kupita miaka mia moja.

Watu husema kwamba mti mkubwa unahitaji kazi kubwa na mmea mdogo kazi ndogo. Kwa siku moja moja, si kweli. Haragi hudai kazi nyingi: kulima, kupanda, kupalilia, kuvuna, kupura, kuanika, kuchagua. Mwembe hudai kazi ndogo, lakini huidai kwa muda mrefu, na hudai wakati watu hawapo. Katika shule, bustani ya maharagi hupata sifa zote, maana mavuno yake huonekana kabla ya darasa kwisha. Mti mchanga hupandwa siku moja kwa nyimbo, humwagiwa maji wiki mbili, kisha mapumziko makubwa ya mwezi wa saba na wa nane hufika. Wanafunzi huenda kwao. Kiangazi ni kikali. Wakirudi, hukuta kijiti kikavu, na husema udongo wa pale ni mbaya. Udongo hauna kosa. Afadhali watoto wawili wanaokaa karibu na shule wapewe kazi ya ndoo moja kwa wiki, na darasa la tano likimaliza mwaka likabidhi mti kwa darasa la nne, kama mtu anavyokabidhi ufunguo wa nyumba.

Haragi lina uhitaji mwingine ambao wengi hausahau tu, hawaujui kabisa. Linahitaji mtu wa kuweka mbegu. Mwembe ulioachwa peke yake huendelea kusimama. Watu wa nchi hii wanajua: ukikuta miembe mikubwa porini, pale palikuwa na kijiji. Wafanya biashara wa pwani, waliofika hata Nyangwe na Kasongo katika karne ya 19, walikuwa na desturi ya kupanda miembe katika njia zao na vituo vyao. Huko Ujiji, ng'ambo ya ziwa Tanganyika, husimuliwa kwamba Stanley alimkuta Livingstone chini ya mwembe, mwaka 1871. Lakini nani amewahi kukuta maharagi yaliyopandwa na watu wa wakati ule yakingali yanazaa peke yake? Yakikosa mkono wa mtu, huisha.

Mwaka 1964, wakati wa maasi ya Wasimba, na tena katika vita vilivyoanza 1996 na 1998, watu wengi wa Maniema waliacha vijiji vyao wakakimbilia porini. Mtu aliyekaa porini miezi mingi hurudi na njaa. Mwembe wake anaukuta umesimama. Labda una matunda, labda msimu wake haujafika. Maharagi hayakuti. Ikiwa mama wa nyumba alifunga vikombe viwili vya mbegu katika kitambaa, akavumilia asivipike hata watoto walipolia, basi baada ya miezi mitatu jamaa ile ina chakula tena. Ikiwa mbegu zililiwa, hata mvua ikija huwa bure. Kwa hiyo wanaodharau maharagi kwa kuwa hufa upesi wanakosa, kama vile wanavyokosa wanaotaka kukata mwembe kwa kuwa haulishi mtu kesho. Mmoja hulisha mwaka huu, mwingine hufunika watu ambao hawajazaliwa. (Tena wote wawili ni wageni katika nchi hii: haragi asili yake ni Amerika, mwembe ulitoka India. Hakuna mwenye haki ya kumfukuza mwenziwe.)

Basi yale mashauri mawili ya mwezi wa tatu yana jibu. Mwembe mkubwa usikatwe, na chini yake yasipandwe maharagi, paachiwe viti. Maharagi yapewe mahali penye jua. Lakini anayepanda miembe mipya anaweza kufanya jambo zuri zaidi. Miembe hupandwa mbali mbali, hatua kumi au zaidi kati ya mti na mti. Katika miaka ya kwanza nafasi ile yote ina jua, na kuiacha kwa magugu ni hasara. Papandwe maharagi hapo kati. Juu ya mizizi ya haragi kuna vinundu vidogo. Ndani yake hukaa bakteria, vijidudu visivyoonekana kwa macho, ambavyo huchukua azoti ya hewa na kuigeuza chakula cha mmea. Mizizi na majani yake yakiachwa shambani baada ya mavuno, udongo hupata sehemu ya chakula kile. Tena mtu anayekuja kupalilia maharagi huuona mti kila mara: huona kama mbuzi amevunja ua, kama mchwa wamepanda shina, kama nyasi kavu zimekaribia kuleta moto. Maharagi yasiguse shina tu. Kuwe na hatua moja wazi kuzunguka mti, na yale ya kupanda juu yapewe fimbo zao wenyewe, yasije yakaunyonga mwembe mchanga.

Mwaka wa tatu au wa nne kivuli huanza kutanda. Safu za maharagi zilizo karibu na miti hutoa maganda machache kuliko za katikati. Hapo mwenye shamba huondoa safu moja kila upande. Mwaka unaofuata huondoa nyingine. Siku vivuli vya miti miwili vinapogusana, huchukua kikapu chake cha mbegu na kwenda kulima upande mwingine wa nyumba, penye jua.