Jamani, acheni kuichonga mashine ya baba mdogo!

Jumapili, saa 5 usiku, bwenini. Umeme upo, bumu limekata.

Najua nilikuwa kimya, mitihani ya majaribio ilinibana. Leo sikuwa na mpango wa kuandika, lakini nimepigiwa simu kutoka nyumbani Katonga na tangu hapo nimeshindwa hata kufungua desa la kesho. Ngoja niteme kwanza.

Aliyepiga ni baba mdogo. Anacheka, ana furaha kweli. "Mwanangu, wenzako walishanieleza kila kitu. Tunakwangua hedi, tunachonga silinda, mashine inakuwa kama zile za kwenye video. Wewe niambie tu pistoni nzuri zinapatikana wapi hapo Dar."

Wenzangu! Nikakumbuka. Likizo iliyopita nilienda nyumbani na washikaji wawili wa darasani, si mnajua tena, kila mtu anataka kuona mwisho wa reli na kula migebuka. Jioni tukakaa mwaloni, wao wakatoa simu na kuanza kuwaonesha wavuvi video za wale jamaa wa jeti ski za kusimama, wanaoruka juu ya maji na kujipindua hewani kama sarakasi. Wavuvi wakashangilia. Halafu mmoja wa washikaji, na akisoma hapa anajijua, akasema: "Mzee, injini yako na hii ni ndugu. Ukiichonga inatoa nguvu mara mbili." Tukapanda treni tukarudi chuo. Maneno yakabaki Katonga.

Nianze kwa kuwa mkweli: mshikaji hakudanganya kuhusu undugu. Mashine ya baba mdogo ni Yamaha Enduro 40. Ni tustroki ya silinda mbili, cc 703, nguvu za farasi 40. Yamaha SuperJet, ile jeti ski ya kusimama iliyotengenezwa kwa tustroki mpaka 2020, ni silinda mbili pia, cc 701, nguvu za farasi 73. Kiwanda kimoja, ukubwa karibu ule ule, nguvu karibu mara mbili. Na wale wa sarakasi hawaridhiki hata na hizo 73. Wanabadilisha silinda na kranki mpaka cc 1000 au zaidi, wanapandisha matundu ya eksozi, wanaongeza mgandamizo, wanafunga kabureta kubwa. Ni kazi safi na mimi mwenyewe naipenda. Nikipata bando naangalia mpaka saa 8 usiku.

Sasa swali ambalo hakuna aliyeuliza pale mwaloni: kwa nini Yamaha hao hao, wanaojua kutoa farasi 73 kwenye cc 701, waliamua kutoa 40 tu kwenye cc 703? Walisahau? Walimwonea mvuvi wivu?

Hapana. Ile 40 imewekewa kikomo makusudi. Inakimbia mizunguko 4500 hadi 5500 kwa dakika, jeti ski inapita 6000. Inasukuma boti nzito ya mbao usiku kucha. Jeti ski inasukuma kitu cha kilo 139 hivi na mtu mmoja, dakika chache, mchana, ufukwe ukiwa pale pale na rafiki zake wanapiga picha. Injini ya sarakasi ikifa, mwenye nayo anaogelea. Ya baba mdogo ikifa, kuna watu 7 ndani ya boti, giza, na chini yao ziwa ambalo kina chake kinafika mita 1470. Tofauti ndiyo hiyo tu, washikaji. Mnaiona?

Haya, tuje kwenye hesabu, maana tunajiita wahandisi watarajiwa. Boti nzito inayolima maji inadai nguvu takribani kwa kipeo cha tatu cha kasi. Ukitaka kwenda kasi zaidi kwa asilimia 10, unahitaji nguvu zaidi kwa asilimia 33. Yaani kutoka farasi 40 uende 53. Tuseme baba mdogo anatembea kilomita 15 kwa saa na sehemu ya kuvulia iko kilomita 20. Leo anatumia dakika 80. Akishachonga kila kitu na ikakubali, anatumia kama dakika 73.

Dakika 7! Kwa dakika 7 anachoma mafuta zaidi kwa asilimia kama 21 kwa safari ile ile, na hapo nimewapa zawadi ya kudhani injini iliyochongwa inakula kwa adabu kama zamani. Haili. Ukipandisha tundu la eksozi unasogeza nguvu juu kwenye resi kubwa, kule chini inabaki legelege. Na boti iliyojaa dagaa inahitaji nguvu ya chini, ile ya kuondoka.

Halafu mafuta. Ukikwangua hedi, mgandamizo unapanda na joto linapanda. Wale wa video wengi wanaweka petroli ya mashindano, yenye okteni kubwa. Sisi petroli ya mwaloni inakuja kwenye madumu. Neno uchakachuaji tunalijua wote. Bajeti ya 2011/12 ilipandisha ushuru wa mafuta ya taa kwa sababu watu walikuwa wanayachanganya na mafuta ya magari. Weka petroli iliyochanganywa kwenye injini yenye mgandamizo mkubwa uone. Mafuta yanalipuka kabla ya wakati wake, pistoni inagongwa kama nyundo, mwisho inatoboka. Haikupigii simu kwanza.

Najua mtajibu nini. Nimeshabishana na mmoja wenu leo jioni, akaniambia "we dada unaogopa tu". Sawa. Naogopa. Nilikuwa kidato cha pili usiku mashine ya baba mdogo iliponoki ikiwa haijachongwa popote, oili tu ilipunjwa kwenye mchanganyiko. Badala ya 1 kwa 50, mtu alikadiria kwa jicho. Waliserereka na upepo wa kusini mpaka asubuhi, boti nyingine ikawavuta. Mama mdogo alikaa ufukweni mpaka jua limepanda, hakusema neno, hakula. Ile ilikuwa mashine nzima yenye kosa moja dogo. Nyie mnataka kuiongezea makosa kwa makusudi na kuyaita ujuzi.

Hoja ya pili aliyonipa ina uzito, siifichi: ziwani kuna majambazi wanaopora mashine, na kuna dhoruba, kwa hiyo kasi ni uhai. Kweli kabisa. Lakini asilimia 10 haimkimbii jambazi mwenye boti nyepesi. Na injini iliyokula petroli yote njiani au iliyokufa katikati ndiyo zawadi yenyewe anayoisubiri.

Hoja ya tatu: "Mbona Liemba ilibadilishwa injini?" Ndiyo, meli iliyoteremshwa majini Kigoma mwaka 1915 ikiwa ya mvuke, baadaye ikafungwa dizeli. Lakini waliofanya vile walichagua injini kwa ajili ya meli na mizigo yake. Hakuna aliyechukua injini ya sarakasi akaifunga pale kwa sababu imependeza kwenye simu.

Kinachoniuma zaidi siyo hesabu. Ni kwamba tukiwa nyumbani kwa watu sisi wanachuo tunasikilizwa kuliko tunavyostahili. Fundi wa Katonga anayesikiliza mlio na kujua ringi ipi imeisha amekaa kimya, kwa sababu kijana wa chuo kikuu amesema. Mtu ambaye hajawahi kulala ziwani hata usiku mmoja! Ukishauri kuchonga mashine ambayo hutaipanda wewe, umecheza kamari kwa hela ya mwenzio. Na hapa hela ni jina la heshima tu.

Sisemi vijana wasichezee injini. Wachezee sana! Tafuteni mashine iliyokufa, ichongeni, ifungeni kwenye pipa la maji, mpime joto na mafuta, ivunjeni mara tatu mjifunze. Ikikubali, ifungeni kwenye kitu chepesi, mchana, karibu na ufukwe, maboya ya kujiokolea mwilini, na mimi nitakuja kushangilia mpaka sauti ikauke. Kumbukeni tu kwamba ziwa letu liko zaidi ya mita 770 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kidogo, kwa hiyo msishangae namba za wazungu zisipotoka zote.

Na kwa baba mdogo, hela ile ile ya pistoni inatosha kuanzia mambo ya maana. Propela inayolingana na mzigo, kwa sababu isiyolingana inakula nguvu bure. Chini ya boti kusuguliwe. Kipimo halisi cha oili, tuache kukadiria. Plagi za akiba na pampu ya maji iliyo nzima. Ikibaki, aanze kudunduliza ka-mashine kadogo ka akiba, hata farasi 15, ka kuwarudisha nyumbani. Hakuna video ya hayo, najua. Hayaruki.

Kesho asubuhi nampigia. Sijui nitaanzaje kumwambia kwamba wenzangu waliongea tu. Pengine itabidi nimwambie "baba, tusamehe", halafu nimpe hesabu ya dakika 7, yeye mwenyewe aamue, maana ziwa analijua kuliko mimi.

Na wewe mshikaji, namba yake unayo. Mpigie kabla yangu.

Naomba kutoa hoja.