Jiwe la Ashoka na Watu wa Msitu

Kama kuna jina ambalo ningeomba lipumzishwe japo mwaka mmoja katika hotuba za upatanisho huku kwetu, ni la Ashoka. Mwishoni mwa Oktoba 2023 Mfalme Charles alifika Nairobi, akaeleza huzuni na majuto yake juu ya waliyotendewa Wakenya wakati wa Hali ya Hatari, na akajizuia kuomba radhi. Tangu siku hiyo, iwe Meru iwe Embu, hakosekani wa kusimama na kutukumbusha kwamba hapo kale India ilikuwa na mfalme aliyewamaliza watu wa Kalinga, akatazama alichokifanya, akashika njia ya Buddha na kuuacha upanga. Tujifunze, anasema msemaji. Mkubwa akijuta, mpokeeni.

Jarida letu nalo limeingia katika mkumbo huo. Makala tatu katika toleo hili la watawala walioweka silaha chini zinamtaja Ashoka, na mbili kati yake zinamtaja kama vile watu wanavyomtaja mtakatifu. Nimezichapisha zote. Lakini mhariri ana kurasa zake, na mimi zangu nazitumia kugombana na wageni wangu.

Waandishi wetu wanajua kwamba vita vya Kalinga, pwani ya mashariki ya India, vilipiganwa karibu mwaka 261 kabla ya Kristo. Wanajua idadi: watu 150,000 waliohamishwa kwa nguvu, 100,000 waliouawa, na wengine wengi waliokufa baadaye. Idadi hiyo tumeipata kwa Ashoka mwenyewe, kwenye tangazo la kumi na tatu kati ya matangazo yake makubwa ya mawe, na hapo nampa heshima yake yote. Mshindi aliyewahesabu wafu wa adui na kuichonga hesabu hiyo mwambani, penye njia ya wapita njia, si jambo la kila karne.

Ila someni jiwe mpaka mwisho. Baada ya majuto, Ashoka anawageukia watu wa msituni, makabila yaliyoishi ndani ya milki yake lakini yasiyotii sana, na kuwaambia kwamba pamoja na kujuta kwake bado ana nguvu. Basi wajirudi, wasije wakauawa. Maneno hayo yako katika tangazo lilelile, chini ya majuto yaleyale. Tena tangazo hilo halikuchongwa Kalinga. Dhauli na Jaugada, ndani ya nchi iliyochinjwa, kumewekwa matangazo mengine mahali pake, na watu wa Kalinga hawakuandikiwa kwamba mfalme anajutia kuwaua. Adhabu ya kifo hakuifuta, ila aliwaongezea waliohukumiwa siku tatu za kujiandaa au za jamaa zao kuwaombea. Na Kalinga hakuirudisha. Ilibaki mkoa wa milki yake, na maofisa wake wakaendelea kuitawala.

Mwanahistoria Romila Thapar aliliona hilo tangu 1961, na mwenzake Patrick Olivelle amelirudia kwa upole zaidi mwaka 2023: Ashoka alikuwa mtawala kwanza, mwenye dola ya kuishikilia. Sisemi alikuwa mnafiki. Alipunguza nyama jikoni mwake hadi tausi wawili na paa mmoja kwa siku, na paa naye si kila siku, jambo ambalo hakuna gavana wetu angelikubali hata kwa wiki. Aliagiza madhehebu yaheshimiane. Ninachosema ni kwamba majuto ya mwenye nguvu yana chini yake, na chini hapo ndipo penye habari zetu sisi tunaoishi kandokando ya msitu wa Mlima Kenya.

Desemba 1963 serikali mpya iliwaita wapiganaji wa Mau Mau watoke msituni. Musa Mwariama alitoka na watu wake, na ile picha yake na Kenyatta sote tunaijua, koti, nywele ndefu na yote. Baimungi Marete alitoka pia. Walioshika serikali walisema yaliyopita yasahauliwe, kwamba sote tulipigania uhuru, na kwamba ardhi haitatolewa bure kwa sababu ya mtu kuwa alikuwa msituni. Baimungi hakuridhika. Alirudi msituni, na mwaka 1965 aliuawa na vikosi vya serikali iliyokuwa imemsamehe. Mwambieni mtu wa Meru mwenye umri wa kukumbuka mwaka huo kwamba msamaha wa mtawala ni kitu kizuri. Atakuuliza: msamaha wa nani, kwa nani, na shamba liko wapi?

Hapo ndipo ninapotofautiana na mwandishi wetu wa ukurasa wa 31, anayemweka Kenyatta upande wa Ashoka kwa sababu hakulipiza kisasi kwa walowezi. Ni kweli hakulipiza. Lakini Ashoka pia alikuwa na upole kwa wafalme wa Kigiriki walioko mbali. Ukali aliuweka akiba kwa watu wa msitu wa nyumbani. Na kundi la Mau Mau lilibaki limepigwa marufuku kisheria hadi mwaka 2003, miaka arobaini ya kuimba uhuru kila Desemba.

Turudi kwa Waingereza, kwa kuwa ndio walioanzisha kelele hizi. Wanaomlinganisha Charles na Ashoka wanamwonea Ashoka. Wilaya ya Embu ya wakati ule ilifika mpaka tambarare za Mwea, na huko ndiko zilikokuwa kambi ambazo kuanzia 1957 ofisa wa koloni Terence Gavaghan alizitumia kuwavunja mahabusu wagumu: wanaletwa wachache wachache, wanapokewa kwa kipigo, hadi wakubali kufanya kazi na kukana kiapo. Mfumo huo ndio uliopelekwa kambi ya Hola, ambako tarehe 3 Machi 1959 waliuawa mahabusu 11. Mwanasheria Mkuu wa koloni, Eric Griffith-Jones, alimwandikia Gavana Baring mwaka huohuo wa 1957 kumshauri kwamba kama ni lazima watende dhambi, basi waitende kimyakimya. Faili zikafungwa, nyingine zikachomwa, na zilizobaki zikafichwa Hanslope Park hadi kesi ya wazee wetu dhidi ya serikali ya Uingereza ilipozifukua mwaka 2011.

Ashoka aliichonga dhambi yake penye njia. Hawa waliifungia kabatini kwa nusu karne, na walipojuta walijuta kwa mkono wa mwanasheria. Tarehe 6 Juni 2013 Waziri wa Mambo ya Nje, William Hague, alisimama bungeni London, akajutia, akatangaza paundi milioni 19.9 kwa walalamikaji 5,228, na papo hapo akakataa kwamba Uingereza ina wajibu wa kisheria. Kesi ya wengine zaidi ya 40,000 ilitupwa mwaka 2018, sababu kubwa ikiwa kwamba muda umepita mno. Umepita kwa sababu nani aliyekuwa amekalia faili?

Nimesema matangazo ya Kalinga yalichukua nafasi ya majuto. Yanaagiza nini? Yanawaonya maofisa wa mji wa Tosali wasimfunge mtu wala kumtesa bila sababu, na yanasema kwamba kila baada ya miaka mitano atatumwa mkaguzi kuona kama agizo linafuatwa. Kwangu hayo yana thamani kuliko lile tangazo maarufu la kumi na tatu. Ni agizo linaloweza kukaguliwa. Mahabusu wa Mwea walichimba mifereji ya mradi wa Mwea-Tebere, na wali wa pishori tunaoupika kila Krismasi unatoka katika mashamba ambayo yalianza kwa jasho lao. Kama mtu anataka kutuletea Ashoka, atuletee huyo wa Tosali, mwenye mkaguzi, na atuambie nani alikaguliwa.

Nina ugomvi wa pili, na huu ni wa ndani ya nyumba. Kuna makala ndefu toleoni inayosema kwamba Ameru kwa asili ni watu wa amani, na ushahidi ni kwamba Mwingereza alipoingia mwaka 1908 hawakupigana, wakati Aembu walipigana miaka miwili kabla. Imeandikwa vizuri na imekosea. Mwaka 1906 kikosi cha Waingereza kiliivamia Embu. Watu waliuawa, mifugo ikaswagwa, na boma likasimamishwa papo hapo. Habari hizo zilivuka mito mpaka Imenti, Meru, kabla ya Edward Horne, yule tuliyempa jina Kangangi, kufika na askari wake wachache. Mwanahistoria Fadiman, aliyewahoji wazee waliokuwa bado wanakumbuka, anaeleza vijana waliotaka kurusha mikuki na wazee waliowazuia. Waliwazuia kwa kuwa walikuwa wamesikia. Embu ilikuwa Kalinga yetu, na majuto yalikuwa ya jirani aliyeuona moto ukiwaka, wala si ya aliyeuwasha.

Sioni aibu katika hilo. Mzee anayewazuia vijana kufa bure ana busara kuliko mfalme anayelia baada ya maiti 100,000. Lakini tukiita busara hiyo asili ya damu, tunawatukana Aembu kana kwamba wao walipenda vita, na tunawafuta wazee wetu kana kwamba hawakufikiri. H.S.K. Mwaniki alitembea Embu na Mbeere akikusanya simulizi za wazee na kuzichapisha miaka ya 1970. Anayetaka kujua Aembu walipigana kwa sababu gani aanzie huko kabla ya kutupa jumla jumla za kabila. Naomba radhi kwa ukali kwa mwandishi, ambaye ni rafiki.

Kuhusu Mugwe, kiongozi wa baraka wa Ameru, nitakuwa mfupi, kwa kuwa makala ya ufunguzi imefanya kazi yake. Inasema Mugwe ndiye Ashoka wa Ameru. Hapana. Mugwe hakuwa na jeshi, hakuwa na kodi, na mkono wake wa kushoto, uliofunikwa asiuone mtu, ulikuwa wa baraka. Mtafiti Bernardi alipochapisha kitabu chake juu yake mwaka 1959 cheo hicho kilikuwa tayari kinadidimia. Mtu asiyeshika upanga hawezi kusifiwa kwa kuuweka chini. Kumtafutia Mugwe taji la mfalme wa India ni kumshusha hadhi, na inaonyesha tu jinsi tunavyoona haya kuwa watu ambao hawakuwa na wafalme. Kiama, Njuri, Njuri Ncheke: ngazi hizo za mabaraza ya wazee zilitosha kuendesha nchi, na jengo la Njuri Ncheke huko Nchiru lipo kwa anayetaka kushuhudia.

Kwa hakika, kama ningekuwa natafuta jibu la huku kwetu kwa swali la Ashoka, ningelitafuta kwa wazee walioamua kesi za damu. Mtu akiua, ukoo wake ulilipa ukoo wa marehemu kwa mifugo, na utakaso ulifuata baada ya malipo. Muuaji hakuulizwa anajisikiaje. Hesabu ilikwisha wanyama walipofika katika boma la waliofiwa, na hapo ndipo watu waliweza kula pamoja. Mpango huo ulikuwa na kasoro zake, tena kubwa. Damu ya mwanamke mara nyingi ilihesabiwa nafuu kuliko ya mwanamume, na ningependa mtu atuandikie hilo bila kupaka rangi. Lakini ulijua kitu ambacho Ashoka, Hague na Charles hawakukijua, au walikijua wakakikwepa: kwamba aliyefiwa ndiye anayesema imetosha.

Mengine toleoni yasomeni wenyewe. Kuna makala nzuri juu ya kichaka cha Mwenendega karibu na Runyenjes na vita vya kukilinda dhidi ya shoka. Kuna kumbukumbu ya Nehru, aliyeliweka gurudumu la Ashoka kwenye bendera ya India mwaka 1947, ambaye nchi yake ilimleta Diwan Chaman Lall kumtetea Kenyatta katika kesi ya Kapenguria. Mwandishi anasahau kwamba Nehru huyohuyo alituma jeshi Goa mwaka 1961. Shairi la ukurasa wa mwisho limeingia kwa sababu vina vimekaa sawa.

Toleo lijalo litakuwa la Baimungi Marete na wale waliorudi msituni baada ya bendera kupandishwa. Nyumba nyingi kutoka Timau hadi Siakago bado zina karatasi za wakati ule: vipande, vibali vya kutoka kijijini, barua za kambini, picha zilizokunjwa ndani ya Biblia. Usizitume kwa posta. Piga picha au nakala, andika nyuma ni za nani na zilitoka kambi gani, na utuletee nakala hizo kabla ya mwisho wa Machi. Karatasi asili ibaki nyumbani kwako.